Mtamba anayemkimbia ndama wake na dume aliyelelewa kwa chupa

"Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Pongwe, Tanga, banda liko nyuma ya nyumba. Miaka miwili na nusu iliyopita ng'ombe wangu alizaa ndama jike. Kama tulivyofundishwa, nilimtenga na mama yake siku ileile, nikamweka kwenye kizimba peke yake, nikamnywesha maziwa kwa ndoo hadi miezi mitatu. Alikua vizuri, hakuugua. Lakini tangu mdogo ni mwoga. Ukimhamisha anatetemeka, ukimwacha peke yake analia mpaka majirani wanalalamika. Mwezi uliopita alizaa uzao wake wa kwanza. Alimnusa ndama akaondoka, na mpaka leo ndama akimsogelea anapigwa teke, kwa hiyo namnywesha kwa ndoo. Wakati wa kukamua pia anarusha mateke na maziwa hayashuki. Mama yake bado ninaye, anakamuliwa bila shida. Nina pia dume wa miezi kumi na minne. Mama yake alikufa akiwa na siku mbili, wanangu wakamlea kwa chupa uani kama mtoto wa nyumbani. Sasa anawafuata na kuwapiga kichwa, na wiki iliyopita alimbana kijana wangu ukutani. Mzee jirani anasema ni machozi ya mama ng'ombe yananirudia. Mwingine anasema ni damu ya Friesian tu, hii aina ya ng'ombe wa maziwa. Je, kutengwa na mama ndiko kumewaharibu? Wanaweza kurekebika? Na huyu ndama mpya nimfanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ambalo haliwezi kusubiri. Kuanzia leo mtoto yeyote asiingie alipo huyo dume, hata kumpelekea majani. Afungwe kwenye banda lenye mbao imara, alishwe kutoka nje, na mtu mzima akilazimika kuingia asiingie peke yake wala asimpe mgongo. Dume wa umri huo aliyekwisha kumbana mtu ukutani hachezi. Nitarudi kwake chini nieleze kwa nini.

Sasa swali lako. Unauliza kama kutengwa na mama ndiko kumewaharibu, na nasikia pia kwamba moyo unakusuta. Jibu langu ni kwamba kutengwa kuna sehemu yake, ila sidhani kama siku ile ya kwanza ndiyo iliyoleta matatizo haya. Kilicholeta zaidi ni miezi iliyofuata, kila mmoja wao alipokosa wa kukaa naye. Mtamba alikaa kizimbani bila mwenzake. Dume alikaa na watu, akakosa ng'ombe. Ni upweke wa aina mbili, na ndiyo maana mmoja ametoka mwoga na mwingine ametoka hana woga kabisa.

Kuhusu machozi ya mama ng'ombe, ulifanya ulichofundishwa, na mafunzo yale yalikuwa na sababu. Ukimnywesha ndama kwa mkono unajua amekunywa kiasi gani, unamkinga na baadhi ya magonjwa ya mama, na maziwa ya kuuza yanabaki. Kuhusu damu ya Friesian, ni kweli kwamba madume ya aina za maziwa yana sifa ya ukali kuliko madume ya nyama. Lakini tazama jinsi wanavyolelewa: wale wa nyama wengi hukua wakinyonya kundini, wa maziwa hukua kwa ndoo. Damu ipo, ila si sahihi kuitupia lawama yote.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuitaja lakini naikuta mabandani, kwamba ukimtoa ndama mapema hamtambui mama wala mama hamtambui yeye. Dakika chache tu za kumlamba baada ya kuzaa zinatosha kufunga uhusiano wa mama na ndama. Ni kweli kwamba wakitenganishwa saa za mwanzo wanalia kidogo kuliko wakitenganishwa baada ya siku nne au wiki mbili, na hilo limepimwa mara nyingi. Lakini kulia kidogo wiki hiyo hakukuambii ndama atakuwaje akiwa mkubwa kundini. Haya ni maswali mawili, na kwa miaka mingi sisi wataalamu tuliyachanganya.

Tutazame kinachotokea ndani ya mwili. Kila mnyama anayenyonyesha ana mfumo wa kukabili hatari. Ubongo ukihisi tishio unapeleka ujumbe hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, nazo zinamwaga homoni ambayo kwa ng'ombe na binadamu huitwa kortisoli. Moyo unaenda mbio, misuli inajiandaa kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, ubongo unaipima ile kortisoli iliyo kwenye damu na kuamuru tezi zinyamaze. Mnyama mtulivu hushtuka kama wengine, tofauti yake ni kwamba mfumo wake unazimika upesi. Fikiria kibatari: mtoto huzaliwa nacho, na malezi ya siku za mwanzo ndiyo yanayopandisha au kushusha utambi. Ukipandishwa sana, kila upepo mdogo unatoa moshi.

Jambo hili lilionekana kwanza kwa panya. Miaka ya 1950 Seymour Levine aligundua kwamba watoto wa panya waliotolewa kwa mama dakika chache kila siku na kurudishwa walikua watulivu kuliko wale ambao hawakuguswa kabisa. Watu walishangaa. Maelezo yaliyokuja baadaye ni kwamba mama akirudishiwa watoto huwalamba kwa wingi, na kule kulambwa ndiko kuliko na nguvu. Wakitolewa kwa saa nyingi, mambo hugeuka na wanakua waoga. Michael Meaney na wenzake huko Montreal, Kanada, waliendelea na kazi hiyo. Mwaka 1997 walionyesha kwamba panya waliolambwa sana utotoni walikuwa na vipokeo vingi zaidi vya kuhisi homoni ya aina hiyo kwenye ubongo, kwa hiyo mfumo wao ulizimika haraka. Mwaka 2004 walionyesha njia yenyewe: malezi hubadilisha kemikali ndogo zinazobandikwa juu ya kinasaba, kikasomwa zaidi au kidogo. Kinasaba chenyewe hakibadiliki. Na mtoto wa mama asiyelamba, akipewa mama anayelamba tangu siku za mwanzo, alikua mtulivu kama watoto wa huyo mama wa kulea. Kwa hiyo jirani yako wa damu ya Friesian anastahili kuambiwa habari hiyo.

Kuhusu kumkataa ndama, waliofunua jambo hilo kwa uchungu mkubwa ni nyani aina ya rhesus. Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alichapisha mwaka 1958 majaribio ya watoto waliopewa "mama" wawili wa bandia, mmoja wa waya mtupu na mmoja aliyefunikwa kitambaa laini. Hata pale chupa ya maziwa ilipokuwa kwa mama wa waya, watoto walimwendea kunyonya tu, kisha wakashinda wamemkumbatia yule wa kitambaa. Wengine walifungiwa peke yao miezi sita au mwaka mzima, wakatoka wakijibembeza na kujing'ata. Majaribio yale yalikuwa ya kikatili, na leo yasingeruhusiwa kirahisi. Majike yaliyokua bila mama, yalipozaa, mengi hayakujua la kufanya na mtoto wao wa kwanza: yalimpuuza, na mengine yalimjeruhi. Lakini yapo mawili ambayo watu husahau kuyasimulia. Mengi ya majike hayo yalikuwa mama bora zaidi kwa mtoto wa pili. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Harlow na Stephen Suomi waliwaweka nyani walioharibika pamoja na nyani wadogo wa miezi mitatu hivi, wasio tishio, wanaopenda kung'ang'ania na kucheza. Baada ya miezi kadhaa wengi walirejea katika hali nzuri. Mwenzao ndiye aliyewatibu.

Ng'ombe si nyani wala panya, kwa hiyo nikupe ya ng'ombe wenyewe. Kwenye Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ndama walifundishwa kwamba skrini ya rangi moja ina maziwa na ya rangi nyingine haina. Kisha wakaonyeshwa rangi za katikati, zisizoeleweka. Baada ya kutenganishwa na mama zao walizisogelea rangi hizo mara chache kuliko mwanzo, kana kwamba wamekwisha kukata tamaa. Jambo hilohilo lilionekana kwa ndama waliotoka kuchomwa pembe, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Mwaka huohuo, chuo hichohicho kilionyesha kwamba ndama waliokaa peke yao walijifunza mwanzo kama wenzao waliokaa wawili wawili, lakini kanuni zilipogeuzwa walishindwa kubadilika, na vitu vigeni viliendelea kuwashtua hata walipokwisha kuviona mara kadhaa. Soma tena ulichoandika kuhusu mtamba wako. Hakuugua, alikua vizuri, ila ukimhamisha anatetemeka. Ndiyo picha hiyohiyo.

Hata hivyo usinichukulie kwamba nimekwisha kutoa hukumu kuhusu mtamba huyo bila kumwona. Mitamba wengi wa uzao wa kwanza huwaogopa ndama wao hata kama walilelewa na mama, kwa sababu ni jambo geni na lina maumivu. Kiwele cha uzao wa kwanza huvimba na kukaza, na kila ndama anapogusa chuchu panauma. Kwa hiyo kabla ya yote mkague kiwele. Kishike kwa upole, linganisha robo zote nne. Kama kuna robo yenye moto, ngumu, au maziwa yana mabonge, majimaji au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele na mateke yale ni ya maumivu. Angalia pia chuchu kama zina nyufa au vidonda, na kucha za miguu ya nyuma. Hakuna mafunzo ya tabia yatakayomtuliza mnyama anayeumwa.

Kama ni mzima, basi cha kwanza mpe mwenzake. Mama yake unaye na ni mtulivu, wafunge wakionana, walishwe pamoja, wakamuliwe bandani mmoja akimwona mwingine. Huenda hawatakumbukana kama mama na mwana, na haidhuru. Ng'ombe mwoga hutulia akimwona mwenzake anacheua, na nadhani kilio kinachowaudhi majirani kitapungua kuliko kwa dawa yoyote.

Ukamuaji wenyewe unahitaji subira yako zaidi kuliko yake. Maziwa hushushwa na homoni ya oksitosini, na adrenalini ya hofu huizuia. Ukimpiga, ukimfunga miguu kwa nguvu na kumkaripia, unafunga bomba kwa mkono wako mwenyewe. Wenzetu wanaofuga ng'ombe wa kienyeji wanalijua hili zamani: zebu hashushi maziwa mpaka ndama amnyonye kidogo kwanza. Akamuliwe na mtu yuleyule, saa zilezile, sauti ya chini, akiwa na pumba mbele yake. Kabla ya kugusa kiwele msugue chini ya shingo, pale ng'ombe wenyewe wanapopenda kulambana. Watafiti wa Austria walijaribu sehemu mbalimbali za mwili, na kusuguliwa chini ya shingo ndiko kulikowavuta ng'ombe zaidi kumsogelea mtu. Akirusha teke, usiuondoe mkono ghafla ukakimbia, kwa sababu atajifunza kwamba teke linafukuza. Tulia, subiri, endelea. Hesabu wiki, usihesabu siku.

Je, atakuwa wa kawaida kabisa? Nitakuwa mkweli: mnyama aliyekua hivi huweza kubaki mwepesi wa kushtuka maisha yake yote. Lakini kutoka kuwa mwoga hadi kuwa ng'ombe anayekamulika na anayekaa na wenzake, hiyo ni safari ambayo wengi huimaliza. Na uzao wa pili mara nyingi huwa mwepesi. Usimuuze kwa hasira ya mwezi huu.

Ndama mpya sasa. Zipo njia tatu na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea kumnywesha kwa ndoo, lakini asikae peke yake. Hili ndilo ningelitaka kwa kila mfugaji wa Tanga anayefuga ng'ombe mmoja au wawili uani, kwa sababu halikuombi upunguze maziwa ya kupeleka kituo cha kukusanyia maziwa. Tafuta ndama wa umri unaokaribiana, wawe wawili kizimba kimoja. Shida ni kwamba huenda huna, na wa jirani anaweza kukuletea kupe na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao. Kwa hiyo asiingie kabla ya kuogeshwa, kukaguliwa, na kuhakikisha chanjo yake. Ndoo iwe yenye chuchu, anyonye polepole, vinginevyo watanyonyana masikio na vitovu.

Njia ya pili ni kunyonya kwa kipimo, ule utaratibu wa asili wa kukamua kwanza kisha ndama anamalizia, au anakaa na mama nusu siku. Katika nchi zetu za joto njia hii imejaribiwa sana. Ndama hukua vizuri na kiwele mara nyingi hupata magonjwa machache, ila maziwa ya kuuza yanaweza kupungua, na kwa mtu anayelipa ada ya shule kwa maziwa siwezi kumwambia hilo ni dogo. Kwako kuna kikwazo kingine: mama yake anampiga. Mjaribu akiwa amefungwa kichwa, wewe ukiwa karibu, mara mbili kwa siku, dakika chache. Ikifika wiki mbili hajakubali, mwache.

Ya tatu, ambayo mimi ningeijaribu kwanza, ni bibi yake, yaani mama wa mtamba. Ng'ombe mkubwa aliyetulia anaweza kumkubali ndama asiye wake, hasa akiletwa baada ya kukamuliwa huku akila. Wengine hukataa katakata, na huwezi kuwalazimisha. Lakini akikubali, ndama huyo atalambwa, atasukumwa akikosea, atajifunza kuwa ng'ombe, na kile kizazi cha katikati kitakuwa kimerukwa. Ila hakikisha bibi mwenyewe hana ugonjwa wa kiwele, na amepimwa brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) na kifua kikuu cha ng'ombe.

Utakayoichagua, usimkatize kunyonya ghafla. Mpunguzie maziwa kidogo kidogo. Kama ananyonya kwa ng'ombe, mvalishe kile kibao cha puani kinachomzuia kushika chuchu, abaki na mama siku kadhaa bila kunyonya, kisha ndipo uwatenganishe. Ndama wanaoachishwa kwa hatua mbili hivyo hulia kidogo mno ukilinganisha na wanaokosa maziwa na mama kwa siku moja. Na uzao ujao, hata ukitenga siku ya kwanza, dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, haina mjadala: lita tatu hadi nne ndani ya saa sita. Ndama hapati kinga tumboni mwa mama, na baada ya saa 24 utumbo wake hauwezi tena kuipokea.

Nirudi kwa dume. Edward Price na mwenzake huko California walichapisha mwaka 1990 utafiti wa mafahali aina ya Hereford, ng'ombe wa nyama. Waliolelewa kwa mkono, kila mmoja peke yake, wengi walikuja kuwatishia na kuwavamia wahudumu. Waliolelewa na mama, au kwa mkono lakini wakiwa kundi, ilikuwa nadra. Ona tena: kilichotofautisha ni wenzao. Dume anayekua bila ng'ombe huwahesabu watu kuwa ndio kundi lake. Akifika balehe, anaanza kushindana nao kutafuta ukubwa, kama ambavyo angeshindana na madume wenzake. Kule kupiga kichwa watoto walikokuona mchezo kulikuwa mazoezi. Hakuwachukia, na hilo ndilo linalosikitisha.

Madume wanahitaji wakubwa wa kuwazuia. Kule hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, tembo wachanga waliookolewa wakati familia zao zinapunguzwa kwa risasi katika hifadhi ya Kruger walikua bila wazee. Madume vijana waliwaua vifaru weupe zaidi ya 40 kati ya 1992 na 1997. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger, na mauaji yakakoma. Nawe ungekuwa na fahali mkubwa na malisho mapana ningekushauri tofauti. Kwenye ua wa Pongwe, wenye watoto, sina cha kukupa cha namna hiyo.

Utaniuliza kuhusu kumhasi. Kuhasi kunapunguza homoni, na kwa ndama wa miezi michache husaidia sana. Kwa huyu, tabia imekwisha kuwa mazoea, na mazoea hayatoki na korodani. Akihasiwa sasa, kwa ganzi na mikononi mwa daktari, anaweza kutulia baada ya miezi, au asitulie. Ushauri wangu ni auzwe kwa ajili ya nyama, na anayemchukua aambiwe wazi kwamba anapiga watu. Usimuuze wala usimwazime kama dume la mbegu kwa mfugaji mwingine. Najua wanao wamemlea na watalia. Waeleze ukweli wote, pamoja na kwamba hawakufanya kosa kumpa maziwa yatima. Wakipata mwingine, alelewe na ndama wenzake, asichezewe kichwa, na kama ni dume ahasiwe mapema.

Mpaka siku atakapoondoka, jueni dalili: anakuonyesha ubavu huku amepinda mgongo, anashusha kichwa na kukukazia macho, anaparua ardhi. Ukiona hivyo, rudi kinyumenyume hadi nje.

Mambo yafuatayo usiyasubirie jibu la maandishi. Mwite afisa mifugo wa kata au daktari siku hiyohiyo kama kiwele kina moto, mtamba ana homa, ameacha kula, au ameshindwa kusimama. Kijana wako, kama bado ana maumivu ya kifua au tumbo, anashindwa kuvuta pumzi vizuri, au anakojoa damu, mpeleke hospitali leo, maana kubanwa na ng'ombe huumiza ndani bila alama nje.

Na jambo moja zaidi, kwa ajili yako na yeyote anayesoma hapa. Tabia za ng'ombe wako zimekuja polepole tangu utotoni, kwa hiyo hapo sina hofu ya kichaa cha mbwa. Lakini ng'ombe aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla ndani ya siku chache, akawa analia kwa sauti ya kukwaruza bila kukoma, anatokwa na mate, anashindwa kumeza au anashambulia, huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwama kitu kooni, usinywe maziwa yake, na waliogusa mate yake waoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali kupata chanjo siku hiyo.